Aliyeionyesha Ngome Yote

Mwaka huu kwetu tunakula ugali wa muhogo kwenye misiba. Wajukuu wakiuliza ulikuwa mwaka gani, waambieni ni ule ambao mnyauko ulimaliza migomba mpaka ile ya nyuma ya jiko, na Mhaya akazikwa bila ndizi. Mwaka huo ndio amefariki jirani yangu, aliyekuwa akiitunza ngome ya mawe iliyo juu ya kilima chetu, huku Muleba. Hakuna aliyemwajiri. Kila kiangazi alipanda na jembe lake kung'oa mizizi iliyojipenyeza kwenye mawe. Nilimwuliza ametumwa na nani, akasema ametumwa na ukuta. Nimezika watu wengi, nimechoka, lakini huyu lazima nimseme, kwa sababu mtasikia kwamba ndiye aliyetuponza. Kweli, alituponza. Hakuwa peke yake.

Walikuja wageni na vyombo vya kupimia. Walisema wanataka kuilinda ngome pamoja na msitu unaoizunguka, nasi tukafurahi, maana msitu unaisha tukiuona; kila siku magogo na mkaa vinashuka kuelekea bandarini Kemondo. Wakapima ukuta wa juu, wakaanza kufunga mizigo yao. Jirani yangu akacheka mpaka akakohoa. "Waitu," akawaambia kwa heshima yetu ya Kihaya, "hapo mmepima kofia. Mwili uko huku chini." Akawashusha msituni, akapita nao katikati ya vibanja vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, mpaka kwenye handaki la kale karibu na kijito, ambako askari wa mtawala wa enzi hizo walikuwa wakilinda. Alitaka wajue kwamba ngome yetu si ya kuchezewa. Ndivyo tulivyo sisi: mgeni akidhani nyumba yako ni ndogo, unamfungulia hata chumba cha mbuzi. Mimi nami nikaacha maharage niliyokuwa nachambua, nikawafuata. Nikawaonyesha mstari wa mulamula, ule mmea tunaopanda mpakani, nikasema mama mkwe wangu aliniambia lango kuu lilikuwa hapo. Wakaandika. Niliishia darasa la nne, na siku hiyo watu wenye kalamu walikuwa wananisikiliza mimi. Nilijiona mkubwa.

Baadaye wakarudi, wakasimika mawe yao ya mpaka, wenyewe wanayaita bikoni, palepale tulipoonyesha. Kijiji kizima kikawa ndani ya ngome. Barua yao ikasema ndani ya ngome hakai mtu wala halimi mtu. Lawama zote akabebeshwa yeye. Kwetu anayeingia hupewa kahawa ya kutafuna, hata kama mmegombana. Yeye sahani ikawa inampita. Akitokea mlangoni mtu anasema, "Shikeni vichwa vyenu, mpima kofia amefika," na watu wanacheka. Nilikuwepo. Nilitafuna kahawa yangu, nikanyamaza na mulamula wangu moyoni. Hilo linaniuma kuliko bikoni.

Alipougua akawa wa kitandani, ndipo nilipompelekea kahawa, nikakaa. Akasema, "Dada, nilitaka waione yote." Nikamkumbusha kwamba lango nilionyesha mimi. Akasema anajua, na kwamba hajamwambia mtu. Miezi yote ile ya kuchekwa, hakumwambia mtu. Kisha akaniomba jambo moja: azikwe kibanjani kwake, ubavuni mwa baba yake.

Siku ya mazishi, kaburi likiwa limefika kiunoni, mwenyekiti wetu wa kitongoji akanivuta pembeni. "Bibi, kaburi jipya ndani ya bikoni haliruhusiwi. Kuna eneo ng'ambo ya kijito. Mjane wake anakusikiliza wewe, mwambie akubali." Si mtu mbaya, naye ametumwa. Wachimbaji wakasimamisha majembe. Nikaona nikinyamaza tena, namzika mara mbili. Nikasimama mbele ya watu, nikasema nani aliyeonyesha lango. Wale wa mzaha wa kofia wakatazama chini. Halafu nikamgeukia mwenyekiti: "Tuliwaonyesha ngome, hatukuomba kuhama. Hatoki, na mimi sitoki." Wachimbaji wakainama, wakaendelea.

Wasomaji wangu, sina somo kubwa. Nasema tu kwamba siku hizi mtu akija kuuliza kwenu kunaishia wapi, mwulizeni kwanza anakwenda kupafanyia nini, ndipo mjisifu. Na mkikosea pamoja, msimwachie mmoja aibu yote abebe peke yake mpaka kaburini. Mambo ya kale nayapenda. Nimelelewa chini ya ule ukuta. Lakini ukuta huo umesimama kwa sababu kulikuwa na mtu jirani wa kuung'olea mizizi. Wakituhamisha sisi, atapanda nani na jembe? Nilimwuliza hivyo yule aliyekuja juzi na karatasi ya kukubali kuhama na kidau cha wino cha dole gumba. Akanisogezea wino. Nikamsogezea kiti, nikampa kahawa, maana ni mgeni. Akatafuna, akauliza tena kama nitaweka dole. Sikuwa na nguvu ya kutunga maneno mapya, nikamwambia yaleyale ya kaburini:

"Tuliwaonyesha ngome, hatukuomba kuhama. Hatoki, na mimi sitoki."