Mfuko Aliokuwa Ameushika Zuhura

Ile Ijumaa ya Abu Hamour huikumbuka, mwanangu, kila nikikuona na hiyo simu yako ukiwatangazia watu, wewe na kikundi chako, wamchangie mgonjwa. Kaa kwanza. Najua una haraka. Hata mimi nilikuwa nayo, tena kukuzidi.

Miaka hiyo nilifanya kazi ya usafi katika hoteli moja pale Al Sadd, Doha. Rafiki yangu alikuwa Zuhura, mtu wa Tanga kama mimi, mfanyakazi wa ndani huko Al Wakrah. Mwanawe mdogo, Idi, alikuwa huku nyumbani kwa bibi yake, moyo una tundu, madaktari wanasema apelekwe India akapasuliwe. Zuhura akawa halali wala halii, anakodoa macho tu. Nikamwambia, ya nini kunyamaza na sisi tumejaa mji mzima? Tutachangisha. Kwetu mtu akiuguliwa si kitambaa kinapitishwa tu, kila mmoja anatia alichonacho? Nani huomba kibali cha kumsaidia mgonjwa?

Mzee Bakari, dereva wa Kipemba aliyetutangulia sana nchi ile, akaniita pembeni.

"Binti, hapa kuchangisha watu bila kibali ni kosa. Wana vyama vyao vya hisani vilivyosajiliwa. Nipeni vyeti vya hospitali nivipeleke huko."

"Watachukua muda gani?"

"Watachukua muda wao. Lakini watasaidia."

"Babu, moyo wa mtoto haukai foleni," nikamjibu, nikaondoka najiona nimesema la maana. Loo! Mdomo huu umeniponza mara nyingi, ila safari ile ulimponza mwenzangu. Zuhura alimpa mzee vile vyeti, kwa adabu tu, asimvunjie heshima.

Ijumaa nikamvuta Zuhura mpaka soko la Abu Hamour, hapo hapo Doha. Tukasimama na picha ya Idi, mfuko kaushika yeye, maana yeye ndiye mama na nilidhani watu watamhurumia zaidi. Walitoa kweli: Wakenya, Waganda, Wahindi, hata watu tusioelewana nao lugha. Nikanogewa, nikapaza sauti.

Wakaja wanaume wawili wa serikali, wakauliza kibali cha kukusanya sadaka kiko wapi. Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha kubangaiza: mtoto, moyo, hospitali. Mmoja akasema kuna mtu alisimama hapo hapo na picha ya mtoto, kumbe hakuna mtoto kama huyo. Watajuaje kwamba sisi si kama yule? Nikawaonyesha tena picha ya Idi. Mfuko ulikuwa mkononi mwa Zuhura, akachukuliwa Zuhura. Nilipiga kelele kwamba aliyepanga ni mimi. Nani anisikilize?

Tajiri wake hakutaka matatizo, akavunja mkataba, mwenzangu akarudishwa nyumbani mikono mitupu. Haukupita muda Mzee Bakari akanifuata hotelini, ameinamisha kichwa.

"Chama kimekubali," akasema. "Wanamtaka mama wa mtoto aende akatie sahihi."

Mama keshapandishwa ndege! Tukahangaika kuanza upya kwa jina la mtu mwingine, na katika kuhangaika huko Idi akafariki.

Nilipompigia simu Zuhura kumpa pole, nililia mimi kuliko yeye. Akaniambia, "Dada, nyamaza. Najua ulimpenda mwanangu." Bora angenitukana. Ningejua la kufanya na matusi, lakini neno lile mpaka leo linanichoma.

Basi nisikilize. Kuchangishana na majirani wanaokujua ni jambo moja. Ukishamnyooshea mkono usiyejuana naye, ana haki ya kuuliza wewe ni nani na sadaka yake inakwenda wapi. Usikasirike akiuliza, keshalizwa na wengine kabla yako. Kasajilini hicho kikundi, michango iingie kwenye akaunti ya kikundi na siyo kwenye simu yako, na waliotoa muwaeleze ilikokwenda. Mgonjwa msimngojeshe: mpelekeni leo kwa chama ambacho tayari kina kibali, nanyi mkamilishe usajili wenu taratibu. Kibali hicho kinamlinda anayetoa, na zaidi ya hapo kinamlinda mnyonge mnayemsimamisha mbele za watu.

Nenda, mwanangu. Mungu asikupunguzie huruma hata chembe, akutilie subira ndani yake, na asikuonjeshe kusamehewa na mama aliyemzika mwanawe.