Wageni Waliotukuta Mtaroni

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nimesimama kwenye lango la shule yetu hapa Masaka, pembezoni mwa Kigali, nimevaa mshanana mpya wa zambarau, ile nguo yetu ya sherehe inayofungwa begani. Nyuma yangu walikuwa wamejipanga watoto ishirini na wanne wa darasa la tano, kila mmoja na kikapu chake cha zawadi mkononi. Tulikuwa tunasubiri wageni kutoka ng'ambo, na walipaswa kufika saa tatu kamili. Ilipita saa tatu, ikapita na robo, na barabarani hapakuonekana gari wala pikipiki hata moja. Aliyekaa Kigali anajua kuwa barabara isiyo na pikipiki ina jambo. Mimi nilijisemea tu kwamba njia leo ni nyeupe, wageni watafika haraka.

Utanisamehe nikicheka mwenyewe. Ninayakumbuka haya kwa sababu juzi mwalimu mmoja kijana, jirani yangu, alikuja kunionyesha ratiba ya kuwapokea wanafunzi wa shule rafiki kutoka nje. Ilikuwa ratiba nzuri, imepigwa chapa, na kila dakika ina kazi yake: wimbo, ngoma, hotuba, maonyesho, hotuba tena. Nikamuuliza, "Na watoto watazungumza na wenzao saa ngapi?" Akaitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili, akakuta hakuna kitu. Nikamwambia aketi nimpe chai. Niliyomwambia yeye ndiyo ninayokwambia na wewe.

Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda, na nilikuja Kigali nikiwa msichana mkubwa mwenye cheti cha ualimu na maneno mengi. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekesha, na watoto walinicheka kwa adabu, wamefunika midomo kwa madaftari. Nilikuwa na miezi mitatu tu mjini ilipofika barua kutoka shule moja ya Ulaya kaskazini, kule kwenye baridi. Walitaka shule rafiki Rwanda. Wanafunzi kumi na wawili na walimu wawili wangekuja kutembelea shule mbili, yetu na nyingine ya Ndera, kisha wangechagua moja. Shule itakayochaguliwa ingeandikiana nao barua mwaka hadi mwaka, na kila mwaka watoto wawili wangekwenda kwao na wawili wao wangekuja kwetu.

Elewa hilo lilikuwa na uzito gani kwetu. Wengi wa watoto wangu walikuwa hawajafika hata Remera, na Remera si mbali. Shule yetu haikuwa na dirisha lingine la kuichungulia dunia. Siku niliyowasomea ile barua waliutoa ukutani ubao wenye ramani ya dunia, wakauweka sakafuni na kuuzunguka kwa magoti, wakapima kwa vidole kutoka kwetu hadi kule. Niliwaahidi kuwa tutachaguliwa. Mkuu wa shule alikuwa semina nje ya mji, akaniachia kazi yote, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Basi nikaanza kuwanoa. Kwa wiki tatu tuliimba, tulicheza, na kila siku tulijibu maswali niliyoyatunga mwenyewe. Wakikuuliza unakula nini, jibu hivi. Wakikuuliza unapenda somo gani, jibu hivi. Aliyekosea alirudia mbele ya wenzake. Nikawawekea na sheria moja ambayo leo nikiikumbuka naona haya: maswali ni ya wageni, majibu ni yetu. Mgeni asiulizwe chochote, nilisema, asije akatuona hatuna adabu.

Jumatatu ya wiki ya mwisho nikawatangazia, "Jumamosi hii, saa tatu." Mkono mmoja ukanyoshwa. Ulikuwa wa Vestine, binti mwembamba aliyekaa karibu na mlango, asiyesema sana. Nikamwambia, "Shusha mkono, Vestine. Tumekubaliana kuhusu maswali." Akaushusha.

Sasa turudi langoni. Saa tatu na nusu niliona watu wakiteremka kutoka juu ya mtaa. Wanaume, wanawake, vijana, na kila mmoja ana jembe begani au sepetu. Mbele yao alikuwa Mzee Ladisilasi, mkuu wa mtaa wetu, amevaa buti za mpira. Mzee huyu alikuwa ameendesha malori ya Mombasa miaka mingi, na kwa kuwa Kinyarwanda changu kilimchosha, mimi na yeye tulizungumza Kiswahili. Alinitazama kuanzia begani hadi viatuni.

"Mwarimu," alisema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "leo iko harusi?"

"Hapana, mzee. Tunangoja wageni."

"Wageni watapita wapi? Leo iko umuganda."

Mwanangu, niliitazama tena ile barabara tupu. Umuganda, ile kazi ya pamoja inayowatoa watu wote nje na kusimamisha magari hadi saa tano, huwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mimi katika miezi yangu mitatu ya kwanza Kigali nilikuwa nimeuona mara tatu, na mara zote tatu uliangukia Jumamosi ya nne. Nikaweka kichwani kwamba ni Jumamosi ya nne, basi. Mwezi ule ulikuwa na Jumamosi tano. Na ile ya nne yenyewe nilikuwa nimekwenda Karagwe kumsalimia mama, kwa hiyo sikuona kwamba hakuna aliyetoka na jembe.

Wazazi nao walikuwa wanajua. Walidhani mwalimu amepanga makusudi, na mwalimu haulizwi. Nikawageukia watoto. "Hakuna hata mmoja aliyejua?" Wakatazama vikapu vyao. Nikamwona Vestine.

"Nilinyosha mkono, mwalimu," alisema taratibu. "Ukaniambia nishushe."

Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Niliona ahadi yangu yote inaondoka na maji, na aliyeiponza ni mimi, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa na jibu ambalo mimi sikutaka kulisikia.

Simu ya Mzee Ladisilasi ikalia. Basi la wageni lilikuwa limesimamishwa njiapanda, na dereva anasema anakwenda shuleni kwetu. Mzee alisikiliza, akasema "ee, ee", akaifunga simu na kuniambia gari haliwezi kutembea lakini miguu haijakatazwa. Anayekuja umuganda apite. "Kawalete," alisema. "Na hiyo nguo yako, tafuta kitu cha kazi."

Mama mmoja akanivua mshanana pale pale na kunifunga kitenge chake kilichokuwa na matope ya mwezi uliopita. Nikamshika Vestine mkono tukapanda hadi njiapanda. Njia nzima nilikuwa natunga Kiingereza cha kuombea radhi. Tulipofika nikakuta watoto kumi na wawili wamekaa kando ya barabara na mabegi yao, wekundu kwa jua, na mwalimu wao mmoja mrefu anajipepea kwa kofia. Nikasahau yote niliyoyatunga. Nikawaambia ukweli, kwamba nimekosea kuhesabu Jumamosi, na kwamba mtaa mzima uko kazini. Yule mwalimu akauliza kama na wao wanaweza kupewa majembe.

Kazi ya siku ile ilikuwa mtaro. Kila mvua kubwa iliyonyesha, maji yaliteremka kilimani na kuingia madarasani, na watoto walisoma wamepandisha miguu juu ya madawati. Wageni walitukuta mtaroni, na mtaroni ndiko walikokaa. Walishika majembe kwa namna ambayo iliwafanya kina mama wakae chini wacheke. Mvulana mmoja mwenye miwani, Elias, alipiga jembe kwenye jiwe akaruka yeye badala ya jiwe. Vestine akamwonyesha pa kuweka mkono wa pili. Baada ya nusu saa walikuwa wamepeana zamu, huyu anachimba, huyu anazoa, na hakuna aliyekuwa anakumbuka nani katoka wapi. Vikapu vyetu vilibaki langoni, na kuku wakavipekua.

Baada ya kazi, kama ilivyo desturi, watu walikaa kwenye nyasi kwa mkutano. Mzee Ladisilasi aliwakaribisha wageni, nami nikatafsiri. Wageni waliuliza maswali yao, mengi na mazuri, na watoto wangu wakajibu kama walivyofundishwa, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti moja ile ile. Kisha mzee akawageukia watoto. "Na nyinyi? Hawa wametoka mbali. Hamtaki kujua kitu?"

Macho ishirini na manne mara mbili yalinitazama mimi.

Mzee aliona. Hakupandisha sauti, lakini alisema mbele ya mtaa mzima. "Mwarimu, hawa watoto umewafundisha kujibu tu. Anayejibu tu atajua nini ya mwenzake? Wafungue mdomo."

Nilitamani mtaro ule unifunike. Nilikuwa mwalimu mwenye cheti, naye alikuwa dereva wa lori, na alikuwa na haki kabisa. Nikawaambia watoto kwa Kinyarwanda changu kibovu, "Ulizeni mnachotaka." Nikatafuta uso wa Vestine. "Vestine, nilikukosea Jumatatu. Nyosha mkono."

Akanyosha. Akataka kujua kama kwao nako kuna mvua inayoingia shuleni. Elias akasema kwao kuna theluji, inarundikana mlangoni usiku, na asubuhi kila mtu anazoa ya mlangoni kwake. Vestine akafikiri kidogo, akauliza tena. Pale mtaani kwao kuna bibi anayekaa peke yake? Elias akasema yupo, nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Na ya mlangoni kwake nani anazoa?"

Nilitafsiri, mwanangu, nikijua kuwa swali lile halikuwa kwenye orodha yangu na nisingeweza kulitunga. Elias akawatazama wenzake. Akasema, "Sijui." Kisha akasema tena, polepole zaidi, "Sijawahi kuuliza." Baada ya hapo mikono ya watoto wangu haikuhesabika, na mkutano ambao ungekwisha saa sita ulikwisha saa nane.

Wageni walikwenda Ndera Jumatatu, na nilisikia huko walipokewa vizuri sana, wakachezewa ngoma na kila kitu. Nikaanza kujiandaa kuwaambia watoto kwamba tumekosa. Wiki zilipita. Kila siku Vestine aliniuliza kama kuna barua, na kila siku alinyosha mkono kwanza.

Ilifika mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Barua ya mwalimu wao ilisema wametuchagua sisi, na ilitoa sababu ya mstari mmoja: "Kwenu tuliulizwa." Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne, imeandikiwa Vestine. Elias aliandika hivi: "Yule bibi anaitwa Ingrid. Mlangoni kwake kuna ngazi saba. Sasa tunazizoa kwa zamu." Vestine aliisoma, akaikunja kama alivyoikuta, akaitia kwenye daftari la hesabu. Mimi nilitoka nje nikalia, na sikuona aibu.

Urafiki ule upo hadi leo. Vestine mwenyewe alikuwa mmoja wa wawili wa kwanza kusafiri, na alizizoa ngazi zile kwa mikono yake. Alirudi akasema theluji ni nzito kuliko udongo wa Masaka, jambo ambalo Mzee Ladisilasi, Mungu amrehemu, alikataa kuliamini hadi anakufa.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe unayefundisha na wewe unayelea. Ukitaka mtoto aijue dunia, usimfundishe tu kuipigia makofi wala kuichezea ngoma. Ngoma ni nzuri, ichezwe, lakini mtoto apewe nafasi ya kumgeukia mwenzake na kumuuliza anaishi vipi, na apewe subira ya kusikia jibu. Mgeni usimfiche kazi yako. Mpe jembe. Akishachafuka nawe mtajuana, kwa sababu atakuwa ameona shida yako na mkono wako kwa pamoja. Usidhani dunia ni Ulaya peke yake, maana mimi niliyetoka Karagwe tu niliyajua ya Masaka vibaya, na waliokuwa wanayajua niliwafunga mdomo. Na mtoto anaponyosha mkono wakati una haraka, hapo hasa ndipo usimame.

Mungu akupe watoto wasiokuogopa. Akupe majirani watakaokukosoa mbele ya watu na kukufunga kitenge chao siku hiyo hiyo. Nyumba yako isikose maziwa wala wageni wa kuyanywa. Na kabla hujawaalika, mwanangu, hesabu Jumamosi zako, kisha umuulize mtoto.