Pemba Yangu kwenye Mashine ya Kabula

Kabula Nyanda ameajiriwa maabara ya madini kusaga na kupima mawe, na mimi nilimdharau kwa hilo, sifichi. Mimi nilikuwa nauza pemba, udongo wanaokula wajawazito, pale sokoni Mpanda. Alipopata mimba akawa mteja wangu. Siku moja akarudi na kipande mkononi.

"Mama Claude, hiki nimekipima kazini. Kina madini ya risasi. Ni sumu kwa mtoto tumboni."

Nilimtukana. Msukuma ajue ng'ombe wake, udongo aniachie mimi! Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akaomba aone ninavyoitengeneza. Mkaidi yule. Nyumbani kwangu Ilembo akachukua udongo mbichi wa shimoni, akalikwangua pia jiwe langu la kusagia, jeusi, zito, lenye vimeta, nililookota kwenye mawe yaliyotupwa na wachimbaji madini.

Akanipeleka maabara nijionee. Aliyeyusha unga wa kila sampuli kwenye tindikali, mashine ikanyunyiza maji yake kwenye moto mkali kuliko wa mhunzi. Kila madini, aliniambia, yakipata moto ule hutoa mwanga wake, na mashine inausoma hata yakiwa kidogo namna gani. Udongo wa shimoni ulikuwa safi. Ilipofika zamu ya jiwe, namba zikapanda mpaka Kabula mwenyewe akaguna.

Nikamsimulia Kabula yaliyotukuta nyumbani. Emelyne, mke wa mwanangu Claude, alikuwa ameharibikiwa mimba mbili. Tulisema karogwa, nikamsingizia jirani. Kumbe kila asubuhi mimi mwenyewe, kwa mapenzi, nilimpa pemba. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi mitatu.

"Mwambie leo," Kabula akasema. "Kesho twende wote hospitali, na mimi nimeila."

Nilimwambia jikoni. Aliacha kukoroga, mboga ikaungua.

"Kwa hiyo mama, kosa halikuwa la mwili wangu?"

"Huenda ni jiwe langu, mwanangu. Nisamehe."

Aliepua sufuria, akatoka nje akaniacha. Hospitali, daktari alisema sumu imo kwenye damu yao ila si nyingi, waache pemba kabisa na wahudhurie kliniki. Niliwafuata wateja wangu mmoja mmoja, nikamwomba jirani radhi. Wengine walinifukuza, haki yao. Kabula alijifungua salama mwezi Juni.

Emelyne alijifungua wa kike mwezi Agosti. Ndugu zake wote walikuwa wamejaa pale. Akawapita kwa macho, akaninyooshea mtoto mimi.