Masanduku ya Shimo la Tisa

Kwa miaka thelathini na minne, mtunza ghala wa idara ya miamba alikuwa wa kwanza kufungua mlango na wa mwisho kuufunga. Sisi tuliochora ramani ghorofa ya juu tulimwita Bwana Tabaka, naye aliitika bila kinyongo. Ghala lake lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha madogo na harufu ya udongo mkavu, na rafu zake zilijaa masanduku ya mbao hadi darini. Ndani ya kila sanduku vililala vipande vya mwamba, mviringo kama mchi, vilivyochomolewa ardhini na mashine ya kutoboa. Nasi tuliviita hivyo hivyo: michi. Wageni waliotembezwa humo na wakubwa walikuwa na mzaha mmoja tu.

"Mzee, haya yanaliwa?"

"Yanaliwa," alikuwa akijibu, "ila yanamaliza kuni."

Masomo yake yalikomea darasa la nane la misheni. Yaliyosalia aliyapata kwa kuwasikiliza wataalamu wakibishana mbele ya rafu zake, na lililomwingia sikioni halikutoka. Mfagizi wa ofisi alipata kuniambia kuwa amejifunza habari za dunia akiwa ameegemea ufagio, kwa sababu Bwana Tabaka hakuweza kumwona mtu amesimama bure. Alimweleza kuwa tabaka la chini ndilo lililotangulia, kwani hakuna atandikaye blanketi kabla ya shuka. Alimweleza kuwa matope hutulia yakiwa yamelala sawasawa, hivyo tabaka ukilikuta limeinama, ujue liliinamishwa baadaye. Na ufa ukilikata tabaka, ufa huo ni mdogo kwa umri kuliko tabaka lenyewe. Kisu hakiwezi kukata mkate ambao haujaokwa.

"Na hizo nyufa zinatoka wapi?" mfagizi aliuliza.

"Sisi tumejenga mpakani, ndugu yangu. Gamba la dunia ni mabamba, na mabamba mawili yanaachana hapa chini yetu. Kwa mwaka hayaachani hata upana wa kidole. Lakini hayajawahi kuomba likizo."

Kwa wachukuzi alikuwa na amri moja. Rundo la masanduku likihamishwa, la juu hushuka kwanza na kuwa la chini. "Hapo umeipindua dunia," aliwaambia. "Hamisha tena, irudi ilivyokuwa." Walimcheka, wakimwita mzee wa mara mbili, lakini walihamisha mara mbili.

Shimo la tisa lilitobolewa upande wa mashariki ya mji, kando ya ufa wa zamani, wakati serikali ilipotaka kugawa viwanja huko. Swali lilikuwa moja: ufa ule umelala, au ungali macho? Mtaalamu alikuja kuisoma michi ghalani miezi mitano baadaye, akifuata namba za masanduku. Juu kabisa alikuta udongo mzima, usio na mpasuko hata mmoja. Chini yake palikuwa na tabaka la majivu ya volkano, na chini ya majivu udongo mwingine, uliovunjikavunjika. Maana yake ilikuwa wazi. Ufa uliukata udongo wa chini, ukatulia, kisha majivu yakaanguka na kuufunika, na tangu hapo haukuinuka tena. Viwanja vikagawiwa.

Bwana Tabaka alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye baada ya kujifungua tulimwita Mama Pacha. Alimjia baba yake na swali la kiwanja.

"Baba, nichukue?"

"Chukua, mwanangu. Michi ya shimo lile naitunza mwenyewe. Ufa ule umelala tangu kabla babu wa babu zetu hajazaliwa."

Akajenga, vyumba vitatu na sebule, na kwa miaka tisa babu aliwatembelea wajukuu kila Jumapili baada ya ibada.

Mwaka wa kumi, alasiri moja, Mama Pacha aliingia ghalani akiwa bado na aproni ya cherehani yake. Nami nilikuwapo, nikitafuta ramani ya zamani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona umevaa hivyo? Umemkimbia mteja?"

"Sakafu imepasuka. Chumba cha watoto. Fundi anasema ni saruji mbaya, akaziba. Ikapasuka tena palepale." Akatuonyesha kwa vidole: nafasi ya kupitisha mpini wa kijiko. "Saruji mbaya ningekubali. Ila jirani wa kushoto anao mpasuko huohuo, na yule wa pili, na yule wa tatu. Ukisimama barabarani unaona umenyooka tu, nyumba kwa nyumba. Baba, si ulisema umelala?"

"Umelala. Njoo nikuonyeshe kwa macho yako, uache kusumbuliwa na majirani."

Alivuta ngazi, akashusha sanduku la kwanza la shimo la tisa, akaliweka mezani. Namba iliandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni. Aliiangalia. Mkono uliokuwa ukielekea kwenye kifuniko ukarudi polepole, ukashika ukingo wa meza.

"Baba?"

"Rudi kazini, mwanangu. Nitakuja nyumbani."

Alipoondoka binti yake, alinieleza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Masanduku ya kwanza ya shimo lile yaliliwa na mchwa kabla mtaalamu hajafika. Yeye na mchukuzi mmoja waliihamishia michi katika masanduku mapya, wakayapanga rundo, la kwanza likiwa juu, naye akafungua kopo la rangi ili aandike namba. Wakati huohuo ikafika habari kutoka hospitali kwamba mkewe amezidiwa. Aliondoka brashi ikiwa ndani ya kopo. Aliporudi, wiki tatu baada ya mazishi, alikuta mchukuzi amelihamishia rundo kona nyingine, kwa kuwa paa lilivuja pale lilipokuwa. Akachukua brashi, akaandika namba kuanzia juu kwenda chini.

"Sikumuuliza alihamisha mara ngapi," alisema. "Mimi! Kila mtu namuuliza, siku ile sikuuliza. Sikuwa naona hata brashi."

"Mchukuzi mwenyewe yuko wapi?"

"Amekufa, huu mwaka wa nne."

Kama rundo lilihamishwa mara moja tu, basi udongo uliovunjika ndio wa juu ya majivu, na ufa uliupasua baada ya majivu kuanguka. Udongo mzima wa chini haukanushi hilo, maana ufa hushuka ukiwa umeinama upande, na shimo huweza kuuacha njiani.

Kwa wiki mbili alijaribu kuunganisha ncha za michi, kama mtu anavyojaribu kuunga kikombe kilichovunjika, ili mwisho wa sanduku moja umwonyeshe mwanzo wa linalofuata. Lakini udongo ulikuwa umekauka, na kila ncha aliyoishika ilibaki unga kiganjani. Daftari la watoboaji liliandika kina tu, halikuandika walichokiona. Alikwenda kwa mkuu wa idara, akasimama mbele ya meza yake, akaungama kosa lake bila kupunguza.

"Mzee wangu, namba zipo," mkuu alisema kwa upole. "Mwandiko ni wako. Ripoti ilitiwa sahihi. Sasa niende kwa wakubwa niwaambie mtaa mzima uhame kwa sababu mtunza ghala hakumbuki?"

"Toboeni shimo jingine."

"Kwa mashine ipi? Ile iliyoota nyasi uani?"

Mwezi uleule alistaafu, na nyumba ya idara akaiacha. Hakuwa na pa kwenda ila kwa binti yake. Alimkuta anashona sare, akamweleza yote.

Mama Pacha alizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mwanangu."

"Miaka tisa nawaambia majirani, baba yangu anajua. Wengine walijenga kwa neno hilo." Akasukuma sare kando. "Sasa tuhamie wapi, Baba? Niambie tu wapi."

Bwana Tabaka aliomba jambo moja, kwamba pacha walale sebuleni na yeye apewe chumba chao. Alitandika kitanda chake kando ya ufa. Kisha akachukua ukanda mwembamba wa karatasi, akaubandika kwa gundi kuukatiza ufa, akaandika tarehe pembeni. Saruji ikisinyaa, huwa imekwisha kusinyaa baada ya miaka tisa. Karatasi ingebaki nzima. Ardhi ikienda, karatasi ingechanika.

Nilimtembelea mara kwa mara. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono magotini, akiitazama sakafu. Hakutaka tuzungumzie ofisi. Wajukuu walichungulia mlangoni na kumtania, "Babu, unalinda siafu?" Aliwatuma wakacheze nje, mbali na ukuta.

Jumapili ya saba nilikuwapo. Alipiga magoti, akavaa miwani, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akamwita binti yake. Karatasi ilikuwa imechanika katikati, na kati ya vipande viwili palionekana mstari wa saruji.

"Labda watoto wameikanyaga," nilisema.

"Watoto hawaingii humu," alijibu Bwana Tabaka.

Mama Pacha aliinama karibu naye, akagusa mchaniko kwa ncha ya kidole. "Sasa unajua, Baba."

"Sasa najua."

Hakumlaumu, na nadhani hilo ndilo lililomuuma mzee zaidi; tukamshika mimi huku na yeye huku, tukamwinua. Kisha Mama Pacha akaenda sebuleni. Nami nikamfuata, tukasaidiana kuyasogeza magodoro ya watoto karibu na mlango wa nje.