Baba Aliyekula Amesimama

Nyumbani kwetu Kijenge, loshoro ilikuwa ya Jumamosi mchana. Mama alichemsha mahindi na ndizi tangu asubuhi, akaponda, akachanganya na maziwa mgando aliyoleta shangazi kutoka Usa River. Mpaka leo nikisikia ule uchachu mate yananijaa. Lakini kupakua alipakua baba. Majirani walimcheka, mwanaume gani huyo anashika mwiko? Hakujali. Alitujazia mabakuli hadi pomoni, kisha akasimama nyuma ya viti vyetu akila la kwake, macho kwenye vijiko vyetu.

"Malizeni," alisema. Hakuwa mkali, wala hakuwahi kutupiga. Ila hakuna aliyeinuka kabla bakuli halijang'aa.

Nilipofika kidato cha pili, koo liligoma. Baba akisimama tu nyuma yangu, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, chakula hakishuki. Sketi ya shule ikaanza kunizunguka kiunoni. Zahanati wakasema sina malaria, sina minyoo. Baba, maskini, dawa yake ilikuwa moja: akaniongezea.

Mimi nina hasira tangu utotoni, sifichi. Jumamosi moja nikasukuma bakuli, loshoro ikamwagika mezani.

"Si nimesema sitaki! Ukisimama hapo nakuogopa!"

Shangazi alikuwepo, ndiyo kwanza ameshusha kibuyu chake cha maziwa. Nikajua leo nimekwisha. Lakini shangazi hakunitazama mimi, alimtazama baba, mdogo wake.

"Unamsimamia kama mke wa mjomba alivyokuwa anatusimamia sisi," akasema.

Ndipo nikasikia ambayo hatukuwahi kuambiwa. Mama yao alipofariki walipelekwa kwa mjomba, huko juu mlimani, wakachunge ng'ombe. Mke wa mjomba alisimama nyuma yao wakila, akihesabu matonge, asije mtoto akazidisha. Baba alikuwa na miaka sita.

"Yule alitunyima," baba akasema. "Mimi nampa."

"Mtoto atajuaje? Yeye anachojua kuna mtu mgongoni kwake. Mdogo wangu, kaa."

Akakaa. Jamani, sikuwahi kumwona baba akila amekaa! Hakujua hata aweke wapi viwiko. Siku ile sikumaliza chakula, na hakuna aliyesema neno. Ilinichukua miezi kurudi kula vizuri, lakini Jumamosi zile zilizofuata, baba kando yangu, ananiibia loshoro kwenye bakuli langu huku anacheka, ningezirudia zote kama ingewezekana.

Sasa baba hayupo. Nina binti wa miaka kumi na minne, na siku hizi kila kitu hataki. Jumamosi iliyopita nilipika loshoro, nikamjazia. Akawa anakoroga tu.

"Mama," akasema taratibu, bila kugeuka, "mbona hukai?"

Nikajitazama. Nilikuwa nyuma ya kiti chake, mwiko mkononi. Nikavuta kiti.