Makadirio Mbele ya Wakwe

Laiti ningemkatalia shemeji aliponishawishi nimwache mhasibu wangu. "Mzee mzima umesoma sekondari, unamlipa mtu akukadirie kodi?" Nikacheka, nikakubali.

Afisa wa kodi alikuja dukani kwangu Rusumo siku ambayo wakwe watarajiwa walikuwa wamekuja kuona kwetu, kabla ya kumwoza mwanangu binti yao. Walikaa kwenye kreti za soda, pombe ya ndizi mkononi.

"Shikamoo, mzee. Kwa mwaka unauza kiasi gani?"

Kwetu mtu hataji unyonge mbele ya wakwe.

"Marahaba, mwanangu! Andika mara tatu ya mwaka jana. Saruji yangu inagombewa kama nyama ya harusi!"

"Mara tatu, mzee?"

"Ongeza kidogo!" akadakia shemeji.

Wakwe wakashangilia. Nikajiona naelea juu ya maporomoko ya Rusumo. Nikatia sahihi fomu ya makadirio huku nikicheka.

Mhasibu angenipeleka ofisi ya kodi, tukataja mauzo ya kweli bila watazamaji. Binti alikuja, tukacheza ngoma hadi miguu ikavimba. Kisha kodi ikaja, kubwa kama majigambo yangu. Ili kuilipa, niliuza duka.