Kidole na Nguruwe Wenye Mchele

Walimwita Kidole kwa sababu ya kazi yake ya uchinjaji. Kabla ya kununua nguruwe, alimpanua taya kwa kijiti, akauvuta ulimi, akapapasa chini yake kwa kidole. Akikuta vivimbe kama punje za mchele, alisonya: "Huyu ana mchele. Rudi naye."

Ila mwenye nguruwe akiona taabu kumrudisha, alimwachia kwa bei ya kutupa. Kidole aliogopa kuwauzia wateja nyama ile, lakini kuitupa nako kulimuuma. Alichokoa punje kwa ncha ya kisu, akaubabua mnofu, akaula ukiwa bado mwekundu katikati. "Nyama ikiiva sana ni soli ya kiatu," alisema. Nyumbani hakupeleka hata mfupa, maana mkewe hakula nguruwe wala hakutaka sufuria yake inuke harufu hiyo.

Kwa hiyo mkewe alipoanguka jikoni, akakakamaa na kutokwa na povu, Kidole alichanganyikiwa. Siku chache baadaye mkewe akaanguka tena sokoni. Shemeji yake, fundi baiskeli mwenye maneno mengi kuliko pampu yake ilivyo na upepo, akaja mbio.

"Umemharibu dada yangu kwa nguruwe wako hao! Kwetu hakuna kifafa. Jumamosi namchukua."

"Chunga mdomo, shemeji. Dada yako hajawahi hata kumwonja nguruwe!"

"Basi umemroga!"

Kidole akashika panga.

"Weka hilo panga chini," mkewe akafoka. "Nikianguka sasa hivi utanidaka kwa makali?"

Hospitalini picha ya kichwa ilionyesha vivimbe ndani ya ubongo. Daktari akauliza, "Nani anakula nguruwe nyumbani?"

"Mimi tu."

"Na mboga mnazokula mbichi, nani anazikata?"

"Kabichi naikata mimi, kila Jumapili. Mke wangu anaipenda nikiikata mimi."

"Kazini mna choo?"

Kidole alicheka kwa hasira. "Nyuma ya uzio ndiko chooni. Maji yapo ya kuoshea nyama, si mikono."

Daktari akamweleza. Ule mchele ni watoto wa tegu. Anayeula katika nyama isiyoiva hufuga mnyoo huo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka na choo, hubaki mikononi, huingia chakulani. Akiyameza mtu, hata asiyejua ladha ya nguruwe, huanguliwa watoto, nao wanaweza kumpanda hadi kwenye ubongo. Kidole akapimwa choo. Tegu alikuwa wake.

Hasira zikampanda hadi masikioni. Alitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amevaa suruali yake.

Wote wawili wakapewa dawa. Jumamosi alfajiri Kidole alikuwa nyuma ya uzio wa machinjio, anachimba shimo la choo, kila pigo la jembe kama anamkata adui.

"Unamzika nani, Kidole?" wenzake wakamcheka.

"Ujinga. Na wenu unaenea humu, sogeeni!"

Shemeji akafika akikokota baiskeli yenye kiti cha nyuma, dada yake kando yake. "Mwambie kwaheri, twende."

Mke akachungulia shimoni. Mumewe alikuwa amezama hadi kifuani, matope usoni, hawezi kumtazama.

"Kaka, rudisha baiskeli yako. Huyu nitamgombeza mwenyewe, tena miaka mingi." Akafungua kanga kiunoni, akatoa kipande cha sabuni, akamtupia mumewe kifuani kwa nguvu. "Na kabichi yangu usiiguse!"